Rangi Mbili na Jina Alilolitaja Mama

Mgongo wangu mwenyewe sikuwahi kuuona mpaka nilipokuwa mtu mzima. Niliujua kwa kidole cha mama. Akiniogesha nyuma ya nyumba ya kaka yake, hapa Kabambare, alikuwa anaisahau sabuni na kuanza kufuata mistari: anatoka kwenye uti wa mgongo, anashuka ubavuni, anapinda, anakuja tumboni, anazunguka kitovu. Halafu anashtuka na kunimwagia maji ya baridi puu! kama vile mimi ndiye niliyemchelewesha. Nililia sana kwa ajili ya maji yale. Sikujua kwamba alikuwa anasoma kesi yake.

Mimi nina rangi mbili. Upande wa kushoto, kuanzia shingoni mpaka gotini, ni mweusi kama baba. Upande wa kulia ni maji ya kunde. Mbele, rangi hizo zinakutana kwenye mstari ulionyooka toka kifuani mpaka chini ya kitovu, utafikiri mtu alipiga kwa rula. Mgongoni hakuna heshima hiyo, huko zinaingiliana kwa mistari inayoshuka na kupinda. Usoni ni sikio la kulia tu na kipande cha shavu. Si ukoma. Si mba. Haiwashi, haiambukizi, haiumi. Sokoni Kasongo mama mmoja muuza sombe, majani ya muhogo, aliniuliza mbele ya wenzake: «Mama, mafuta ya kujichubua ilikuishia katikati?» Nikamwambia nusu iliyobaki nimemwekea yeye, aanze na huo mdomo. Walicheka wote, hata yeye.

Ndivyo nilivyo, sinyamazi. Ningekuwa mtu wa kunyamaza, mama yangu angelala leo pale alipotaka kulala.

Habari ya kuzaliwa kwangu alinipa mara moja tu, siku niliyorudi na diploma ya uuguzi. Alisubiri mpaka wageni wakaondoka, akakaa kwenye mkeka, akasema: «Sasa weye ni munganga. Sikiliza hii, halafu uniambie kama ni mimi niko mubaya.»

Alikuwa ameolewa kijijini nyuma ya Kasongo, mwendo wa saa moja kwa miguu toka sokoni. Mtoto wake wa kwanza, mvulana, alikufa kwa homa kabla ya kuota meno. Walimzika nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Mimi nilikuwa wa pili. Uchungu ulimshika siku mbili nzima na mimi sitoki. Ndani walikuwa wanawake wazee, na mkubwa wao alikuwa shangazi, dada wa kwanza wa baba. Kwetu, uchungu ukichelewa wazee wanajua sababu moja tu: mwanamke ana jina la mwanaume tumboni na jina hilo limeziba njia. Akilitaja, mtoto anapita. Asipolitaja, wanakufa wote wawili.

«Mutaje!» shangazi alimwambia. «Mutaje, mutoto apite!»

Mama alisema hana wa kumtaja. Wakamnyima maji. Akasema tena hana. Ndipo shangazi akamwinamia sikioni na kumwambia kwamba yule wa kwanza pengine alikufa kwa siri hiyo hiyo, na huyu sasa anakufa kwa siri hiyo hiyo, na yeye mama ndiye anayewaua. Hapo ndipo alipovunjika. Siku moja kabla ya uchungu alikuwa amekwenda mjini kununua chumvi na sabuni ya kuzalia, kwenye duka la mtu mmoja wa zile familia za Waislamu za zamani, mtu mweupe mweupe, mpole. Mtu huyo alimwona hawezi kuinama, akamwekea sabuni mwenyewe kwenye kikapu, akamwambia pole mama, Mungu akusaidie. Basi. Mambo yao yote duniani yaliishia hapo. Lakini ndilo jina lililokuwa karibu na mdomo. Mama aligeuka, akapiga magoti, akashika nguzo, akalitaja.

Na mimi, mpumbavu mimi, nikatoka palepale.

Leo najua kilichotokea. Ni kule kugeuka. Alilala chali siku mbili, alipopiga magoti bega langu likapata nafasi. Mimi mwenyewe nawageuza wanawake hivyo kila juma pale kituo cha afya, wanazaa bila kutaja hata jina la paka. Lakini kwa wanawake wale ilikuwa wazi kabisa: jina limetoka, mtoto ametoka. Na shangazi, niseme ukweli ingawa unanichoma, shangazi aliamini kwamba ameniokoa. Mpaka leo anaamini hivyo.

Hata hapo mambo hayakuwa yameharibika. Maneno ya uchungu yana dawa yake: kuku mmoja, wazee wanakula, mume anasamehe, yanaisha. Baba alisamehe. Mimi nilikuwa nimezaliwa mwekundu kama watoto wote, rangi moja toka kichwani mpaka miguuni, na baba, mama aliniambia, alikuwa ananibeba mwenyewe mpaka shambani kwenye mpunga. Rangi yangu ilikuja baadaye. Kwenye mwezi wa tatu, wa nne, mtoto anapoanza kukolea, upande wa kushoto ulikolea na wa kulia ukakataa. Shangazi akanivua nguo mbele ya ukoo. Akaweka kidole chake kwenye mstari wa tumbo langu. Hapa, akasema, ni ndugu yangu. Hapa ni mwenye duka. Kila mmoja alileta sehemu yake.

Nani angebisha? Mwanamke alikiri kwa mdomo wake, na mtoto mwenyewe amebeba ushahidi. Mwenye duka aliapa kwa dini yake kwamba hajui hata mama anakaa kijiji gani. Hawakumwuliza mara ya pili. Nilikuwa na miezi minane mama aliponifunga mgongoni kwa kikwembe na kurudi Kabambare kwa miguu. Hakuolewa tena. Mimi pia sikuolewa. Mchimbaji mmoja wa Salamabila alinitaka kweli, mpaka alipouliza kama watoto nao watatoka vipande vipande. Nikamwambia watatoka na akili, wasifanane naye. Hakurudi. Nililia, lakini hakurudi.

Mwaka huu tumbo la mama likaanza kuvimba. Nilimpima kwa mikono yangu, nikajua. Nilimpeleka hospitali, wakajua vilevile, wakatupa dawa za maumivu. Njiani kurudi aliniambia: «Usinitafutie dawa ingine. Nitafutie njia ya kulala karibu na mutoto wangu. Alilala peke yake siku hizi zote.»

Sikuelewa mara moja. Nilifikiri anasema juu yangu. Kumbe ni yule wa kwanza, wa kwenye migomba. Toka alipofukuzwa hakuwahi kuliona kaburi lile, maana kwa ukoo wa baba mwanamke aliyetoka kwa neno kama hilo haingii tena kwenye kiwanja chao, si mzima, si maiti. Mpaka wao wenyewe wakae, waseme mbele ya watu kwamba neno lile halikuwa kweli. Hicho ndicho alichokitaka. Hakutaka kuombwa msamaha, wala hakumtaka baba. Alitaka nafasi ya mita mbili za udongo.

Majuma matatu baadaye niliitwa Kasongo kwenye mafunzo ya wauguzi, na mwalimu wetu alikuwa daktari wa ngozi, mwanamke, mgeni wa jimbo letu. Nilipokunja mikono ya blauzi kunawa aliniangalia mkono mmoja, akaangalia wa pili. Akaniuliza kwa heshima kama anaweza kuona mgongo. Akanipiga picha kwa simu, akanionyesha. Ayi! Nilikaa chini. Mistari yote ya kidole cha mama ilikuwepo pale, hata ile iliyokuwa inapinda ubavuni.

Alinieleza polepole, na mimi nilimsikiliza kwa mwili mzima. Mtu anaanza kwa chembe moja, alisema, chembe inagawanyika, zinakuwa mbili, nne, nyingi. Siku hizo za mwanzo, kabla mama hajajua kama ana mimba, chembe moja ikikosea kitu kidogo kwenye maagizo yake ya rangi, zote zitakazotoka kwake zitalibeba kosa hilo. Halafu zinatembea. Chembe za rangi zinatoka mgongoni na kushuka kuelekea mbele, kila ukoo kwa mstari wake. «Hii mistari kila mutu iko nayo,» alisema. «Hata mimi. Tofauti ni kwamba sisi wengine rangi iko moja, haionekani.» Shamba moja la mpunga, mbegu za aina mbili, zimeota kwa mistari ileile ya mpandaji. Baba mmoja, mama mmoja.

Nilimshika mikono. Nilimwambia habari yote pale pale, ya jina na ya kaburi, nikimwomba aandike. Aliandika, ukurasa mzima, akapiga muhuri. Ila alikuwa mtu mkweli, na karatasi yake ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa ile aliyonieleza. Ya pili ilisema kwamba mara nyingine, mara chache, rangi za namna hii zinatokea kwa sababu mapacha wawili walianza tumboni na wakashikamana mapema sana, wakawa mtu mmoja. Hapo pia, aliandika, kwa kawaida baba ni mmoja. Kutofautisha sehemu ya kwanza na ya pili kunahitaji vipimo vya damu ambavyo havipo Maniema.

«Kwako naona ile ya kwanza ndiyo,» aliniambia. «Lakini siwezi kuapa.»

Nilirudi Kabambare na karatasi ile kifuani. Mama, ambaye hajui kusoma, aliishika kichwa chini, akaigeuza, akaibusu. «Munganga mukubwa ameandika kama sikufanya?» Nikamwambia ndiyo. Kesho yake nilipanda moto, yaani pikipiki, ya mtu mmoja wa mtaa wetu, baba wa watoto sita, dereva aliyewahi kubeba watu wa dhahabu miaka mingi na anayejua kila shimo la barabara hii. Tulilala Lusangi kwa sababu ya mvua, tukasukuma moto kwenye matope, tukafika kwa baba siku ya pili saa tisa mchana.

Walikaa barazani: baba, shangazi, na watu wa ukoo ambao sikuwajua vizuri. Shangazi amezeeka, macho yanaona nusu, lakini ndiye aliyepewa kiti. Baba aliniangalia sikio la kulia, kisha akaangalia chini. Nilisema nilichokuja kutafuta: mama anakufa, anaomba kuzikwa karibu na mtoto wake, na hii hapa karatasi ya daktari inayoonyesha kwamba neno lile halikuwa kweli.

«Soma,» shangazi akasema.

Ningesoma sehemu ya kwanza nikaikunja karatasi. Ni hivyo tu. Nimelirudia jambo hili mara nyingi mno. Pale barazani hakuna aliyejua Kifaransa cha hospitali zaidi yangu. Lakini nilisoma, nikatafsiri, nikaona vichwa vinatikisika, nikamwona baba ameinua uso, na kiburi kikanipanda. Miaka yote walinitazama kama kitu kilichooza upande mmoja, leo wamekaa kimya wananisikiliza! Nikataka wajue kwamba najua kila kitu. Nikasimama. Nikaeleza chembe, nikaeleza mistari, nikafungua vifungo vya blauzi na kuwaonyesha mgongo, mimi mwenyewe, bila kuvuliwa na mtu. Halafu nikaendelea na sehemu ya pili.

Nilipofika kwenye mapacha, shangazi aliinua mkono.

«Ngoja, mama. Unasema tumboni walikuwa watu wawili?»

«Pengine, shangazi. Lakini hata hivyo baba…»

«Walikuwa wawili, wakajibandika, wakawa weye.»

«Pengine.»

«Sasa nijibu weye munganga. Mapacha wawili, inaweza kuwa kila mumoja iko na baba yake?»

Nilijua jibu. Tulifundishwa shuleni, dakika tano, kama kitu cha ajabu. Ningesema hapana. Neno moja. Mama yangu alikuwa amelala Kabambare na tumbo kama mwenye mimba ya mwisho, anasubiri neno hilo moja, na mimi nilisimama pale na blauzi yangu mkononi nikafikiria ukweli.

«Inaweza kutokea,» nikasema, «lakini ni nadra sana, shangazi, ni kitu ambacho mutu anaweza asikione maisha yake yote…»

«Inaweza,» akasema. Hakulisema kwa furaha. Alilisema kama mtu anayerudisha sufuria mahali pake. «Hata daktari ameona. Wawili.»

Nilipiga kelele. Niliwaambia kwamba mama alitaja jina kwa sababu walimnyima maji, kwamba angetaja hata jina la padri. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, akasema taratibu: «Mimi nilikutoa tumboni, mutoto wa ndugu yangu. Ningemwacha anyamaze, nani angekuwa hapa ananitukana?» Wakaanza kuinuka mmoja mmoja. Baba akasema kwamba nimesikia mwenyewe.

Alinisindikiza, lakini hakunipeleka barabarani, alinipitisha nyuma ya nyumba. Kaburi lilikuwa safi. Mawe yamepangwa, majani yamelimwa, na pembeni, upande wa migomba, paliachwa nafasi. Nafasi ya mtu mzima. Niliiangalia, nikamwangalia yeye.

«Baba, weye unajua.»

«Mimi hasira iliisha zamani,» akasema. «Lakini nikisema leo haikuwa kweli, basi nilimufukuza bure. Siku hizi zote, bure. Mutu anaweza kubeba vile?»

Nilimwambia mama ameweza kubeba. Alichukua mkono wangu wa kulia, ule mweupe, akaushika kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza toka nilipokuwa na miezi minane. Nilimchukia, na sikutaka auachie.

Siku mbili za kurudi sikumbuki vizuri. Nakumbuka dereva, aliyenisubiri barabarani na hakujua tuliyosema, akiniambia, «Mama munganga, lia tu, moto inapiga kelele, hakuna mutu atasikia.» Nililia kuanzia hapo mpaka Lusangi.

Mama alikuwa ameketi mlangoni. Ameoga, amefunga kitambaa kichwani, ameegemea ukuta kwa sababu hawezi kukaa peke yake. Sikuwa hata nimeshuka.

«Wamesema nini?»

Na mimi, niliyeshindwa kusema hapana mbele ya watu wale, nikasema: «Wamekubali, mama. Nafasi iko. Baba ameilinda.»

Sijui mlio alioutoa niuite nini. Alijifunika uso kwa viganja, mabega yanatikisika, na kaka yake akatoka ndani mbio akifikiri amekata roho. Alikuwa anacheka. Kaka yake nilimweleza ukweli baadaye, tukiwa kisimani. Alitukana ukoo wa baba mmoja mmoja, halafu akasema tumwache na furaha yake.

Aliishi siku tisa. Sikuwahi kumwona na shughuli nyingi vile. Alitoa kikwembe kilichobaki kipya, kile cha kijani alichonunua siku ya diploma yangu, akasema ndicho cha safari. Sufuria zake aligawa, maana kule anakokwenda kuna watu wake. Aliniuliza kama mawe ya kaburi ni makubwa au madogo, migomba bado ni ileile, nafasi iko upande gani. Upande wa kushoto wa mtoto, nikasema. Vizuri, akasema, mkono wa kushoto ndio aliokuwa analalia. Kila jibu nililompa lilikuwa kweli. Ni lile la kwanza tu lililokuwa uongo. Siku moja aliniomba nigeuke. Akainua blauzi yangu, akapitisha kidole kwenye mistari toka juu mpaka ubavuni, polepole, hakuharakisha, na safari hii hakushtuka. «Ulisema kila mutu iko nayo?» Nikasema ndiyo, mama, kila mtu. Akashusha blauzi.

Alikufa asubuhi, jua limeshatoka, nikiwa nimemshika kichwa. Tulimwosha, tukamfunga kwenye kikwembe cha kijani. Kaka yake na majirani walichimba nyuma ya jiko, ardhi ya hapa ngumu, ya mawe.

Mchana, watu wamekaa, nikasikia moto inakuja. Ni yule dereva. Nyuma ya kiti alikuwa ameongeza mbao mbili ndefu, amezifunga kwa mipira, na juu yake mkeka mpya na kamba zilizokunjwa vizuri. Akazima, akavua kofia, akaja mpaka nilipokaa na kuchuchumaa.

«Pole sana, mama munganga. Mama aliniita siku ile ulipokuwa kwa kazi. Alisema nitengeneze vizuri juu ya barabara, asianguke. Nimejaribu na gunia ya mupunga, haitikisiki.» Akaangalia anga. «Tukitoka sasa, tutalala Lusangi. Tunaondoka saa ngapi?»

Watu wote walikuwa wananiangalia. Nikamwambia hakuna safari.

Akageuka, akaona shimo nyuma ya jiko. Alikwenda kwenye moto yake, akafungua mbao, akafungua mipira, akaukunja mkeka. Kamba alituletea, maana sisi tulikuwa hatuna, na ndizo tulizomshushia.